Kempa ya paa la kunyanyua kwa pikapu yako: ipi ununue ukiwa Mtwara au Lindi

Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara pale Somanga, nililala siku mbili kwenye bodi ya Hilux. Juu kenopi (kifuniko cha bodi) ya bati, chini godoro la inchi nne, katikati chandarua nilichokifunga kwa kamba za viatu. Kukaa wima haikuwezekana. Kuvaa suruali ilibidi nilale chali, miguu juu, kama mtoto anayebadilishwa nepi. Abiria wa mabasi waliolala wamekaa waliniona tajiri, nami sikubishana nao. Lakini niliporudi Mtwara nilianza kutafuta paa linaloinuka.

Nazungumzia kempa inayokaa kwenye bodi ya pikapu, ambayo ukiwa safarini paa lake limelala chini karibu na usawa wa kabini, na ukifika unalisukuma juu, turubai la pembeni linanyooka, unapata kitanda na nafasi ya kusimama. Za namna hii Marekani ziko miaka mingi. Four Wheel Campers wa California ndio jina kubwa kwenye zile kamili. Go Fast Campers wa Montana wakaja na nyepesi kabisa, karibu kilo 125, ambazo ni kenopi na hema vilivyounganishwa na basi. Karibu zaidi na kwetu wapo Alu-Cab wa Cape Town, ambao wanatengeneza kwa kufuata pikapu tunazoendesha sisi: Hilux, Ranger, Land Cruiser 79. Hilo la mwisho si dogo. Kempa iliyopimwa kwa bodi ya pikapu ya Marekani ukiileta hapa utaanza kutafuta fundi wa kuikata, na ukishaanza kukata alumini ya watu umeshaharibu.

Kabla ya kupanga nani wa kwanza, chukua kalamu tupige hesabu ya uzito. Soma kibati cha gari lako au kitabu chake, uone uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa gari tupu. Tuseme imebaki kilo 900. Watu wanne, wawili wakiwa watoto, kilo 210. Maji lita 60, kilo 60. Tairi la pili la akiba 35. Friji ndogo ikiwa na vyakula 40. Jeki, kamba ya kuvutia, koleo na vifaa vya gereji 40. Betri ya pili ya kawaida 30 (ya lithiamu yenye uwezo uleule haifiki nusu ya hapo). Mtungi mdogo wa gesi ukiwa umejaa 13. Nguo, magodoro na sufuria 50. Jumla 478. Umebakiwa na kilo 422, na kempa yenyewe bado hujaipandisha.

Kempa kamili, yenye jiko, sinki, makabati na tangi la maji, huwa kati ya kilo 400 na 600 ikiwa tupu. Yaani familia imeshapanda, hesabu ama imebana kabisa ama imegoma. Utaona watu wanaongeza jani la springi na kubadilisha shokapu wakidhani wamemaliza kazi. Springi inanyanyua gari lisiinamie nyuma. Haiongezi nguvu ya chasisi, ekseli wala breki, na kile kibati cha kiwandani kinabaki kusema kilekile.

Nayajua haya kwa sababu nililipa ada. Mwaka uliofuata nilimwendea fundi wa kuchomelea, kijana hodari, akaniambia, "Mjomba, hii nakutengenezea siku nne, wa Ulaya watakuja kupiga picha." Alitengeneza kwa bomba la chuma la inchi moja na nusu na bati la geji nene, kwa sababu nilimwambia nataka kitu imara. Kilikuwa imara kweli. Wanaume sita walikinyanyua kukiweka kwenye gari, na wawili kati yao walikaa chini baada ya hapo bila kusema neno. Tulipokipeleka kwenye mzani kilikuwa kilo 310 bila godoro. Safari ya kwanza kwenda Newala, gari likipanda uwanda wa Makonde lilikuwa linatazama mbinguni, na taa zangu za mbele zilimulika matawi badala ya barabara. Kosa halikuwa la fundi. Mimi ndiye niliyeagiza uimara bila kutaja kilo.

Kwa hiyo huku kwetu mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza: kenopi ya alumini yenye paa la kunyanyua

Kitanda kiko juu ya kabini na bodi, chini unabaki na sehemu ya mizigo inayofungwa kwa ufunguo. Hakuna sinki, hakuna kabati. Vitu unapanga mwenyewe kwa maboksi. Kilo ni chache, na kwenye hesabu yetu ya juu unabakiwa na nafasi hata ya kubeba gunia la korosho la shemeji. Ubao wa kitanda ukiusukuma juu unasimama wima ndani ya gari, unavaa suruali kama mtu mzima.

Wengi hawazingatii kwamba bodi ya Hilux ya kabini mbili ina urefu wa mita 1.5 hivi. Mtu mzima hawezi kujinyoosha humo. Ndiyo maana paa la aina hii, linalotanua kitanda mpaka juu ya kabini, lina maana zaidi kwa mwenye kabini mbili kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Mwenye kabini moja, bodi yake karibu mita 2.3, asome nafasi ya tatu kabla hajatoa pesa.

Angalia vyuma vya gesi vinavyosukuma paa, mfano wa vile vya mlango wa nyuma wa gari dogo. Vikichoka paa linashuka usiku. Uliza kama vinapatikana dukani kwa kipimo cha kawaida au lazima uagize kwa mtengenezaji. Jibu likiwa la pili, nunua jozi ya akiba siku hiyohiyo.

Ya pili: hema la juu kwenye keria fupi ya bodi

Hema la juu ya gari lina kilo 50 hadi 75 kwa mengi yanayouzwa. Kosa la kawaida ni kulipandisha juu ya paa la kabini au juu ya kenopi ndefu, gari likaanza kuyumba kwenye kona kama mzee aliyetoka harusini. Tengeneza keria inayosimama kwenye bodi, usawa wake ukiishia pale paa la kabini lilipo. Hapo fundi wetu wa kuchomelea anafaa sana, ilimradi umpe kilo mwisho 40 na umwambie utapima.

Ubaya wake ni ngazi. Saa nane usiku, mvua inanyesha, mtoto anataka kukojoa: utashuka nje. Na mizigo iliyo chini ya hema inabaki wazi kwa vumbi na kwa mikono ya watu. Bei lakini ni sehemu ndogo tu ya ile ya kwanza, na siku ukiuza gari hema unabaki nalo.

Kulala juu kuna faida nyingine kwa anayeelekea Liwale au Nachingwea, ambako tembo hupita mashambani. Wazee wa Lindi watakukumbusha pia simba wa mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, waliokuwa wakiwafuata watu waliolala kwenye vibanda vya shamba wakilinda mazao yasiliwe na nguruwe. Hema la chini sijaliweka kabisa kwenye mpangilio huu, ingawa ni jepesi na rahisi kuliko yote. Uani kwa mama mkwe lala nalo.

Ya tatu: kenopi ya kawaida na godoro

Hii ndiyo ya Somanga. Kwa mwenye kabini moja anayesafiri peke yake, mfanyabiashara wa ufuta au korosho anayelala popote palipomkuta usiku, mimi ningeipandisha iwe ya kwanza bila aibu. Haina kitu cha kuharibika. Ongeza madirisha mawili yenye nyavu, feni ndogo ya volti 12, na tumia pesa iliyobaki kwenye matairi. Kwa familia, hapana.

Ya nne: kempa kamili ya kunyanyua

Ni nzuri. Nimewahi kupikiwa chai ndani ya mojawapo, ya wageni waliokuwa wakitokea Msumbiji kupitia Daraja la Umoja pale Mtambaswala, na kwa dakika kumi nilijiona nina nyumba ya pili. Lakini bei yake ni makumi ya maelfu ya dola kabla ya meli na kodi, inataka gari la kazi nzito kama Land Cruiser 79 ya kabini moja, na pampu ya maji ikifa Tunduru hakuna wa kukutengenezea. Kama unaishi humo miezi sita kwa mwaka, sawa. Kwa safari za Idi na Krismasi, gesti ni nyingi.

Zenye kuta ngumu zisizoshuka zimeshika mkia. Mikorosho inatandaza matawi chini, na njia zote nzuri za mashambani hupita katikati yake. Tawi moja, kona moja ya kempa, basi.

Sasa vumbi. Ningeweza kuandika ukurasa mzima kuhusu vumbi. Gari likikimbia hewa ya nyuma yake inakuwa nyepesi, na vumbi linavutwa ndani kupitia mlango wa nyuma wa bodi, kwenye bawaba na pembe za chini. Watu wanapaka silikoni kila tundu na bado wanakuta shuka jekundu. Dawa ina sehemu mbili: raba nzuri ya mlango kuzunguka mlango wote wa nyuma, na kidirisha kidogo cha mbele kilichoachwa wazi chenye kichujio, ili hewa isukumwe ndani na kutafuta njia ya kutoka badala ya kuingia. Muuzaji akikwambia kempa yake haiingizi vumbi, mwombe mkaendeshe kilomita kumi kwenye njia ya vumbi, umeweka kitambaa cheupe ndani. Kuanzia Mei, wakulima wakianza kupulizia mikorosho salfa, kitambaa hicho kitakuletea rangi ya pili na harufu yake. Harufu ya salfa ikiingia kwenye godoro hutaitoa msimu huo.

Chumvi nayo ni adui wa polepole. Alumini ikigusana na chuma kwenye hewa ya bahari, alumini ndiyo inayoliwa. Ukifunga kempa ya alumini kwenye bodi ya chuma na gari likalala Mikindani au Kilwa Masoko, weka raba katikati pote zinapogusana, na bolti zipake grisi kabla ya kukaza. Baada ya kila safari ya pwani osha kwa maji yasiyo na chumvi, hasa chini. Nimeona kempa ya miaka mitatu ambayo bolti zake zilikatika kwa mkono.

Turubai la pembeni liwe la pamba mchanganyiko nzito au kitambaa kinachopumua. La nailoni tupu litakutonea jasho lako mwenyewe asubuhi, maana joto la Lindi mwezi Januari mnalijua. Nyavu za madirisha ziwe za matundu madogo. Za nzi hazizuii mbu wadogo, na malaria huku haina likizo. Shika zipu uifunge na kuifungua mara ishirini mbele ya muuzaji. Ikikwama dukani, kwenye mchanga haitafanya miujiza.

Kivuli cha pembeni kiwekwe upande wa kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, ukisimama kandokando ya barabara upande huo ndio wenye majani. Kulia ni malori. Kempa za Marekani mara nyingi hupangwa kinyume, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza.

Kuagiza kwenyewe: ukileta kutoka Afrika Kusini, mwombe muuzaji cheti cha asili ya bidhaa cha SADC, kisha mpe wakala wako wa forodha akutazamie unafuu wa ushuru kabla mzigo haujaondoka. VAT ya asilimia 18 iweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Na uagize vipuri pamoja na mzigo huohuo: vyuma vya gesi, raba, zipu, kufuli.

Ikishafungwa, safari ya kwanza usiende mbali. Mimi huwashauri watu waende Msimbati, lipa kiingilio cha hifadhi ya bahari, shusha upepo wa matairi hadi psi 18 kabla ya mchanga, na lala usiku mmoja. Upepo wa kusi ukiwa umeshika, elekeza pua ya gari kunakotoka upepo, kwa sababu turubai likipigwa ubavuni litapiga kelele mpaka alfajiri na mke wako hatakuja tena. Asubuhi kaza kila bolti upya. Nyingi zitakuwa zimelegea.