Trei ya silikoni ya barafu za matunda za mbwa: chukua ya nyayo, achana na ya mifupa

Trei hizi huuzwa kwa maumbo mawili, nyayo na mifupa. Kwenye picha, ya mifupa ndiyo inayovutia, na wengi huiokota hiyo. Shida huanza wakati wa kutoa. Mfupa ni mwembamba katikati, na ukiusukuma kwa kidole hukatikia hapohapo: nusu inachomoka, nusu inabaki imeng'ang'ania shimoni. Unyayo una sehemu moja pana. Bonyeza kwa chini na barafu inaruka nzima. Hata vidole vikibanduka, mbwa hana neno.

Tafuta yenye vishimo vinavyobeba karibu vijiko viwili vya chakula kila kimoja, yaani mililita 30 hivi, na iwe na kifuniko. Kifuniko si pambo. Silikoni hunyonya harufu, na friza yenye samaki au vitunguu huihamishia harufu hiyo kwenye trei, kisha kwenye barafu. Udhaifu mwingine ni ulegevu: trei ikishajaa haibebeki, hukunjika na kumwaga kila kitu. Iweke juu ya sinia ngumu kabla ya kumimina, ndipo uingize vyote pamoja.

Kwa vishimo 12 vya ukubwa huo, saga kwa blenda ndizi mbivu moja kubwa (gramu 120 baada ya kumenya), gramu 200 za tikitimaji lisilo na mbegu wala ganda, na vijiko vitatu vya chakula vya mtindi usio na sukari. Usijaze hadi ukingoni, maana maji yakiganda hutanuka. Acha nafasi ya milimita mbili tatu.

Ndizi haimo kwa ajili ya utamu tu. Tikitimaji likigandishwa peke yake huwa gumu kama jiwe, na barafu ngumu inaweza kumvunja mbwa jino. Ndizi na mtindi huifanya barafu iwe laini. Kipimo ni hiki: toa kipande, kiache dakika tatu hadi tano, kikandamize kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha ukiacha alama, mpe. Usipoacha, subiri kidogo, na safari ijayo ongeza ndizi.

Embe linafaa badala ya tikitimaji, bila ganda wala kokwa. Papai na nanasi nayo yanafaa, ila usiyachanganye na mtindi bila kuyapika: vimeng'enya vyake huvunja protini ya maziwa, na mchanganyiko hugeuka mchungu na kujitenga maji. Yasage na ndizi peke yake.

Zabibu, mbichi au kavu, hazimo kabisa. Zinaweza kuua figo za mbwa hata kwa kiasi kidogo. Parachichi na makadamia achana nayo pia. Ukipenda kutia siagi ya karanga, soma lebo neno kwa neno: ikiwa na zailitoli, ile sukari mbadala, usiiguse, kwa sababu hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na kudhuru ini.

Friza ya nyuzi -18 hugandisha trei hii kwa saa tano au sita. Kile kichumba kidogo cha juu ndani ya friji ya mlango mmoja mara nyingi hakifiki hapo, hivyo iache usiku kucha. Zikishaganda, zihamishie kwenye mfuko wa kufunga, utoe hewa, uandike tarehe, na uzimalize ndani ya miezi miwili. Umeme ukikatika zikayeyuka kabisa, usizigandishe tena; zenye mtindi zitupe.

Kila kipande cha mchanganyiko huu kina kalori kama 16. Mbwa wa kilo 10 anayekula kalori 600 kwa siku hapaswi kupata zaidi ya 60 kutoka kwenye vitafunio vyote, kwa hiyo viwili vinamtosha.

Kwa mbwa mdogo, au yule anayebugia bila kutafuna, vishimo hivi ni vikubwa mno: kipande kizima kinaweza kumkaba. Kwake jaza robo tu ya shimo ili upate kibapa chembamba, kivunjevunje kwa mchi, kisha umtilie juu ya chakula chake bakulini.