Kuacha sigara Lubumbashi: nilivyosaidiwa katika chumba cha kifua kikuu

Usitafute kibao. Hapa Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), sijaona kituo cha afya kilichoandika getini kwamba kinasaidia watu kuacha sigara, ndiyo maana wengi wetu tunadhani huduma hiyo haipo kabisa. Ipo. Mimi niliikuta katika chumba cha kifua kikuu cha kituo kimoja cha afya, na anayeifanya ni mama muuguzi ambaye kazi yake hasa ni kupokea makohozi na kugawa dawa za kifua. Habari za sigara amejiongezea mwenyewe.

Nilifika pale kwa sababu ya kikohozi. Mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili inabidi apimwe kifua kikuu, na mimi ni dereva wa teksi-basi, nabeba watu kutoka Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, kwenda mjini tangu alfajiri, kwa hiyo sikutaka kubahatisha. Majibu yalitoka safi. Nilikuwa nimeshashika mlango aliponiita: "Papa, kaa kwanza. Sigara unavuta?" Nikasema ndiyo, tangu ujana. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja: "Ukiamka, ya kwanza unaiwasha kabla ya kunawa uso ama baadaye?"

Kabla. Akaandika.

Baadaye alinieleza kwamba jibu la swali hilo linamwonyesha mambo ambayo hesabu ya sigara za siku nzima inaweza kuyaficha. Anayewasha ndani ya nusu saa ya kuamka, mwili wake umeshashikwa sana na nikotini, kile kilevi cha tumbaku, na kumwambia tu "jikaze" ni kumwacha peke yake. Nilishukuru sana kusikia hivyo. "Jikaze" ndiyo dawa niliyopewa na kila mtu miaka yote, nyumbani, kanisani, na hata na docta mmoja.

Alinieleza pia jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia: anayevuta sigara yuko katika hatari ya kuugua kifua kikuu mara mbili na zaidi ya asiyevuta, na akiugua, kupona kwake kuna taabu zaidi. Fikirieni magari yetu mwezi wa sita, baridi ya asubuhi, vioo vyote juu, abiria wamebanana mpaka mlangoni. Dereva yuko mle ndani kutwa nzima. Ndugu zangu madereva, hili linatuhusu kuliko watu wengine.

Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kununua kaye ndogo, yaani daftari. Kila sigara, kabla ya kuiwasha, niandike saa, mahali, na nilichokuwa nafanya. Katika yote niliyopata pale, kaye hii naisifu sana, na haikunigharimu karibu chochote. Niliporudi nayo tuliisoma pamoja, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari. Ukiondoa ile ya kuamkia, nyumbani sikuwa navuta sana. Nyingi zilikuwa za parkingi, saa ninaposubiri gari lijae, pale watoto wanapopitisha sigara moja moja dirishani pamoja na peremende na karanga. Zilizobaki zilikuwa za jioni, kwenye michopo (nyama ya kuchoma) na bia. Akauliza: "Parkingi ni saa ngapi hasa inakuwa mbaya?" Nikamwambia, mchana abiria wakipungua, kama saa nane. Saa hiyo nayo akaiandika.

Mipango yote tuliitoa kwenye kurasa zile. Parkingini, konda abaki na mlango, mimi nishuke, nikague matairi na maji ya injini, mikono iwe na kazi. Michopo niendelee kula, lakini bia niisimamishe wiki za mwanzo, maana bia na sigara zinaitana. Kisha nichague siku ya kuacha ndani ya wiki mbili, isiwe ya msiba wala ya sikukuu. Nilichagua siku ambayo gari lingekuwa gareji.

Sasa dawa, maana hapa ndipo mfuko unapouma. Shirika la Afya Duniani liliweka chingamu na vibandiko vya ngozi vya nikotini, vinavyompa mtu nikotini bila moshi, kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Kituoni havipo. Unaandikiwa karatasi, unajitafutia. Nilizunguka farmasi za mjini, vibandiko sikuviona, chingamu niliipata, na pakiti moja ilikula mapato yangu ya siku nzima. Yangu ilikuwa ya miligramu 4, kwa sababu ya lile jibu la asubuhi. Anayechelewa kuwasha ya kwanza anapewa ya miligramu 2.

Farmasi waliniuzia bila neno, na chingamu hii isipotumiwa vizuri ni pesa ya bure. Mama muuguzi alinionyesha kwa chingamu ya kawaida aliyotoa mkobani. Tafuna polepole. Ukisikia ukali wa pilipili, simama, isukume kwa ulimi ikae kati ya shavu na ufizi. Ukali ukiisha, tafuna tena kidogo, uibadilishe upande. Hivyo hivyo kama nusu saa. Kahawa na soda usinywe robo saa kabla, wala ikiwa mdomoni, kwa sababu zinazuia nikotini isipite. Dawa inaingia kupitia ndani ya shavu. Ukitafuna haraka na kumeza mate, unapata kwikwi na kiungulia na hamu haitoki. Nawajua wenzangu wawili walioitupa wakisema haifai kitu. Nilipowauliza walivyokuwa wanaitumia, wote walikuwa wanatafuna mfululizo.

Kuna vidonge pia, bupropioni na vareniklini, vilivyoongezwa kwenye orodha hiyohiyo mwaka 2021. Vinaandikwa na daktari, na bupropioni haimfai mwenye kifafa, kwa hiyo asikuuzie mtu barabarani. Katika farmasi nilizoingia sikuvipata.

Lazima niseme na hili. Kabla ya yote hayo, shemeji yangu alikuwa amenielekeza kwenye kliniki moja ya watu binafsi, wakaniambia wana seramu, yaani dripu, ya "kusafisha mapafu", chupa kadhaa, malipo kwanza. Hakuna aliyeniuliza navuta saa ngapi wala wapi. Nilimpelekea mama muuguzi karatasi yao ya bei, akaisoma, akanirudishia: "Papa, hakuna seramu inayotoa moshi mapafuni. Mapafu yanajisafisha yenyewe ukiacha kuyapa moshi." Inanikasirisha kuona watu wenye kipato kidogo wakiuziwa maji ya chumvi na vitamini kwa jina hilo.

Siku mbili tatu za mwanzo ni ngumu, na ni vizuri mtu aambiwe mapema. Hasira, usingizi wa vipande vipande, choo kigumu, na kikohozi changu kikazidi badala ya kupungua. Kama nisingekuwa nimeonywa, kikohozi kile kingenirudisha kwenye pakiti. Alikuwa ameniambia kwamba vinyweleo vya ndani ya njia ya hewa, vilivyolazwa na moshi, vinaamka na kuanza kusukuma uchafu nje. Hamu yenyewe ikija inakaa dakika chache, halafu inashuka. Kazi yako ni kuivuka kila inapokuja.

Siku ya kwanza niliyorudi barabarani, nimesimama parkingi, mtoto amefika dirishani na sanduku lake, simu ikalia: mama muuguzi. Ilikuwa saa nane. "Papa, uko wapi? Umeshuka kwenye gari?" Sikuwa nimeshuka. Nikashuka. Tukaongea mambo ya watoto na ya mvua, hakutaja sigara mpaka mwisho, akaniuliza tu kama imepita. Ilikuwa imepita. Alipiga tena siku zilizofuata, saa ileile, kisha mara moja kwa wiki, kisha mara moja moja. Dawa nimezilipia, na ushauri mtu anaweza kuupata sehemu nyingi. Kufuatwa hivi, na mtu aliyesoma kaye yako, sijakuona kwingine. Ndicho kilichonivusha, na ndicho ningekitafuta kwanza kama ningekuwa naanza leo. Sivuti tena. Asubuhi nakunywa chai na mama watoto kabla ya kwenda kuwasha gari, kitu ambacho sikuwa nakifanya.

Lakini huduma hii ina kasoro nzito. Ipo asubuhi za siku za kazi tu, saa ambazo dereva, fundi wa gareji au mchimbaji hawezi kuacha kazi. Unasubiri kwenye benchi moja na watu wanaokohoa ambao majibu yao hayajatoka. Nashukuru benchi liko nje, penye hewa, ila mvua ikinyesha wote wanaingia ndani. Mazungumzo yanasikika hadi nje. Mama mmoja aliyekuwa anavuta kwa siri aliondoka bila kuingia, na nilimhurumia, kwa sababu kwetu mwanamke anayevuta anahukumiwa mara mbili. Kubwa zaidi, vocha za simu anajilipia muuguzi mwenyewe. Akihamishwa kesho, hakuna atakayebaki na daftari lake.

Kwa hiyo sisi wa parkingi tumeandika barua kwa daktari mkuu wa zone yetu ya afya. Tumemkumbusha kwamba nchi yetu iliridhia mwaka 2005 Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, na ibara ya 14 ya mkataba huo inazungumzia kuwasaidia watu kuacha. Hatukuomba jengo. Tumeomba Jumamosi asubuhi, pazia mlangoni, vocha ya mwezi kwa ajili ya simu za ufuatiliaji, na muuguzi wa pili afundishwe kazi hii akiwa pamoja na huyu wa sasa. Madereva na makonda wametia sahihi, hata wanaovuta bado. Dereva yeyote wa parkingi nyingine anayetaka nakala ya barua hiyo aniandikie hapa, nitampa aipeleke kwa daktari wa zone yake.