Pampu ya bluu ya salbutamol, naipa nyota nne

Jamani hii pampu ya kuvuta ya pumu nimeitumia miaka sita sasa na kazi yake naikubali sana. Kifua kikibana navuta mara mbili, dakika tano hivi nasikia kabisa njia inafunguka na ile miluzi inapungua, na nafuu inakaa kama masaa manne mpaka sita. Nilikuwa najiuliza inafanyaje haraka hivyo, mfamasia mmoja akanielewesha vizuri: kwenye misuli ya njia za hewa kuna vipokezi vinaitwa beta-2, ndo hivohivo adrenalini ya mwili inavigusa ukishtuka, sasa salbutamol inaingia palepale kama funguo kwenye kitasa, misuli inalegea, unapumua. Lefkowitz na Kobilka wa Marekani walipata Nobel ya kemia 2012 kwa kuchunguza familia ya vipokezi hivi, na mimi nawashukuru kwa moyo wote.

Nyota moja naitoa sababu mikono inatetemeka, kikombe cha chai nashika kwa mbili, na moyo unaenda mbio, manake vipokezi hivyo vipo pia kwenye misuli ya mikono na moyoni. Halafu yangu haina kihesabio, ina dozi 200 so naandika kwenye kalenda.

Ila tafadhali sana, ukiona unaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki nenda kwa daktari upate na pampu ya steroidi, ile dawa ya kutuliza uvimbe, hii ya bluu inalegeza misuli tu, uvimbe wa ndani inauacha vilevile.