RCD ya 30 mA kwa soketi zisizo na ethi: inafaa, ila haitoshi

Kwa nyumba ya zamani ya Uhindini au Kikuyu, Dodoma, yenye soketi za pini tatu lakini waya mbili tu nyuma, bila ethi (waya wa kwenda ardhini), RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya pole mbili, ampea 63, ndiyo hatua ya kwanza yenye thamani. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi; ukipotea hadi 30 mA (miliampea), inakata, hata pasipo ethi. Haizuii mzigo kuzidi, kwa hiyo sakiti breka zibaki. Ikijikata ovyo, angalia kwanza nyutro (waya za kurudisha umeme) za sakiti tofauti zilizochanganywa.

Fundi akikuunganishia pini ya ethi na nyutro ndani ya soketi, msimamishe. Nyutro ikikatika, ganda la chuma la friji linakuwa na volti 230.

Ethi yenyewe ni kazi ya fundi mwenye leseni: waya wa 2.5 mm² wa kijani na njano hadi kila soketi. Udongo wa Dodoma hukauka vibaya kiangazi, na fimbo moja ya ethi ya mita 1.2 ardhini mara nyingi haitoshi. Ongeza ya pili, mita mbili pembeni, kisha pima ukinzani wa ethi Oktoba, udongo ukiwa mkavu, si Machi. (Usitie chumvi kwenye shimo la fimbo: inakula shaba.)

Kitufe cha T (cha kujaribu) kwenye RCD kibonyezwe kila miezi mitatu.