Likizo ya jangwani: ulipie hoteli au ulale porini?

Matangazo ya utalii wa jangwani huuza huduma mbili tofauti kwa picha ileile ya tuta la mchanga na jua linalozama. Huduma ya kwanza ni hoteli iliyojengwa jangwani. Ya pili ni jangwa lenyewe na adha zake. Kabla hujalinganisha bei, jiulize nani atabeba maji, na nani atakuja gari likizama.

Kama una usiku mmoja au miwili tu, chukua hoteli wala usijishauri sana. Safari ya porini hula siku ya kwanza njiani na kwenye kusimika mahema, na ya mwisho kwenye kufungasha. Chini ya siku nne utarudi umechoka, na jangwa hujalionja.

Hoteli usiipime kwa bwawa la kuogelea, ipime kwa saa zake. Miezi ya joto, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, nje hakukaliki; mchanga wa juani hupita nyuzi 60 na kandambili hazisaidii kitu. Uzuri wa jangwa uko alfajiri na magharibi. Hoteli inayoanza kuandaa kifungua kinywa saa moja, bila kumfungia mgeni cha kubeba, imekunyima nusu ya ulichokilipia.

Halafu tazama ilipo. Kule Sossusvlei, Namibia, anayelala ndani ya lango la hifadhi, liitwalo Sesriem, hata kwenye hema lake mwenyewe, huruhusiwa kwenda kwenye matuta kabla jua halijachomoza. Aliyelala nje ya hifadhi, hata chumba chake kiwe cha kifalme, husubiri lango lifunguliwe jua likitoka, na mbele yake bado kuna kilomita 60 hivi. Hapo hema limeishinda hoteli.

Ukifuata nyota, uliza jenereta huzimwa saa ngapi na taa za nje zinaangaza wapi. Starehe na giza vinaweza kukaa pamoja: NamibRand, hukohuko Namibia, ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya kimataifa ya anga lenye giza, na ina loji nzuri tu. Tarehe nayo ina uzito, kwa sababu mwezi mpevu hufifisha nyota nyingi. Panga karibu na mwezi mwandamo.

Ya kuepuka ni ile bidhaa ya katikati: "usiku porini" ambao ukifika unakuta mahema arobaini ya kudumu, spika, na pikipiki za magurudumu manne zikinguruma hadi usiku. Unalipia ugumu wa kambi na kelele za mjini. Kabla ya kutoa malipo ya awali, uliza kambi ina mahema mangapi na jirani wa karibu yuko umbali gani. Wakikwepa swali, umeshajibiwa.

Porini, hesabu huanza na maji. Weka lita 6 kwa mtu kwa siku, yaani 4 za kunywa na 2 za kupikia na kunawa. Kukiwa na joto kali au mwendo mrefu, ongeza. Watu wanne kwa siku nne ni lita 96. Tia akiba ya siku moja unafika 120: madumu sita ya lita 20, kilo 120. Usiyaweke kwenye keria ya juu, maana uzito wa juu hupindua gari kwenye mteremko wa tuta. Yapange sakafuni na kuyafunga. Madumu kadhaa ni salama kuliko tangi moja, kwani moja likipasuka hujapoteza yote. Beba na chumvi za kuongeza maji mwilini, kwa kuwa anayetoka jasho kutwa na kunywa maji matupu mengi anaweza kuugua pia.

Gari nalo hukwama kwa sababu inayojulikana: matairi yamejaa upepo wa lami. Yakiwa na psi (kipimo cha upepo wa tairi) 32 hadi 36 huchimba. Yapunguze hadi 18 au 20 kabla ya kuingia mchangani. Ukishakwama unaweza kushuka hadi 15, lakini chini ya hapo tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Usikanyage mafuta magurudumu yakizunguka bure, unajizika mwenyewe. Fukua mchanga mbele ya matairi kwa koleo, weka mbao za kukwamulia, toka polepole. Bila kompresa ya kurudishia upepo, usitoe hata psi moja.

Vigingi vya kawaida vya hema havishiki mchangani. Jaza mfuko mchanga, ufunge kamba, uufukie sentimita 30 kwenda chini, huo hautoki. Usisimike hema kwenye mkondo mkavu hata kama panavutia: mvua ya mbali huleta mafuriko mahali ambapo hakujanyesha tone. Begi la kulalia liwe la baridi kweli, maana majangwa mengi hushuka chini ya nyuzi 0 usiku wa kipupwe.

Mtandao wa simu usiutegemee. Simu ya setilaiti ni ya lazima, ila soma sheria kwanza. India, kwa mfano, huzuia kuingia nayo bila kibali. Na kampuni inayokupeleka mbali na gari moja tu, bila la pili la kulivuta, ikatae hata kama bei yake ni nusu.