Kompyuta ya kuhariri video: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiingia duka la kompyuta Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, ukasema unataka mashine ya kuhariri video, muuzaji atauliza bajeti kisha atakuletea laptop yenye kibandiko cha i7, jina la prosesa ya Intel. Swali la maana la kuanza nalo ni hili: unarekodi kwa kamera gani? Kinachoitesa kompyuta si urefu wa harusi uliyopiga. Ni namna faili lilivyobanwa.

Simu na kamera nyingi za leo hurekodi kwa H.264 au H.265, njia za kubana video zinazoitwa kodeki. Kodeki hizi hazihifadhi kila fremu ikiwa nzima. Huweka fremu moja kamili, halafu kwa zinazofuata huandika tu kilichobadilika. Ndiyo maana faili huwa dogo, na ndiyo maana kila ukirudisha mshale nyuma kwenye taimulaini, kompyuta hulazimika kuijenga upya ile fremu kutokana na jirani zake. Prosesa ikiifanya kazi hiyo kwa nguvu zake tupu, video hukwamakwama hata iwe i7. Ikiwa na sehemu maalumu ya kazi hiyo ndani ya chipu, mambo hulainika. Kwa Intel sehemu hiyo inaitwa Quick Sync na ipo tangu 2011, ila imekuwa ikikua kizazi kwa kizazi cha prosesa zao. H.265 ya biti 8 ilikaa sawa kizazi cha 6, ya biti 10 kizazi cha 7. Ile H.265 ya 4:2:2 biti 10, yenye taarifa nyingi zaidi za rangi, ambayo Sony A7 IV na Canon R6 zinaweza kutoa, tafuta kizazi cha 11 kwenda juu. Kadi za grafiki za Nvidia zenyewe zilichelewa kuisoma hiyo hadi zilipotoka RTX 50 mwaka 2025.

Kwa hiyo orodha hii ni ya mtu anayepiga harusi, mahubiri, matangazo ya biashara au vipindi vya YouTube, kwa 1080p na 4K ya kawaida, na ambaye pesa yake ina kazi nyingine nyumbani.

1. Kompyuta ya mezani ya ofisi, iliyotumika

Kwangu hii ndiyo ya kwanza, ingawa haina mvuto wowote ukiitazama. Tafuta HP EliteDesk 800 G4 au Dell OptiPlex 7060, zile za umbo la mnara, zenye Core i5-8500 au i7-8700. Zote mbili zina kori 6 (vitengo vya kazi ndani ya prosesa), zina Quick Sync, zina nafasi 4 za RAM ya DDR4 na sehemu ya kuchomeka SSD ya NVMe, diski ya kasi kubwa. Unaweza kuanza na GB 16, ukaongeza nyingine 16 baada ya kulipwa kazi mbili tatu.

Kisha unaiongezea kadi ya grafiki, na hapa watu wengi huumia. Pawasaplai za kompyuta hizi za ofisi ni ndogo na zimetengenezwa kwa vipimo vya kampuni yenyewe, kwa hiyo usitegemee kubadilisha kirahisi na ya dukani. Nunua kadi inayokula umeme wa sloti peke yake, yaani isiyozidi wati 75. GTX 1650 ya GB 4 inatosha, ila chagua ile isiyo na tundu la waya wa ziada wa umeme, maana zipo za aina zote mbili. Ukiwa na nafasi kidogo, RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024 inakula wati 70. Angalia vizuri boksi: RTX 3050 ya GB 8 ni kadi nyingine, inakula wati 130 na inataka waya wake. GT 1030 iache hata ukipewa kwa bei ya kutupa, haina kabisa sehemu maalumu ya kubana video wakati wa kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika.

Hesabu na monita ya IPS, aina ya kioo chenye rangi za kuaminika, na hesabu UPS, betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya kurenda, unachohitaji ni dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa ustaarabu. Usiinunue UPS ukidhani utaendelea kufanya kazi saa nzima.

2. Mac yenye chipu za M

Mac mini ya M4, iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 599 huko Marekani, huanzia RAM GB 16 na haili umeme mwingi. Bei ya huku ni nyingine, lakini kwa anayehariri mezani ni mashine ngumu kuishinda. Kwa anayetembea, MacBook Air ya M1 ya 2020 bado inasoma H.265, ikiwemo 4:2:2 ya biti 10, bila kutokwa jasho. Haina feni, kwa hiyo ukirenda kazi ndefu hupunguza kasi yenyewe ili isichemke.

Nimeiweka ya pili kwa sababu moja kubwa: RAM yake haiongezwi. Uliyonunua nayo ndiyo utakayokaa nayo. Ya GB 8 inafaa video fupi za mitandao. Kwa harusi ya kamera 3 za 4K nisingeichukua. Na ukinunua iliyotumika, ianzishe upya kabisa mbele ya muuzaji ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, au ikikuonyesha kwamba inasimamiwa na kampuni fulani, mrudishie mkononi mwake. Hakuna fundi wa kuaminika wa kulimaliza hilo.

3. Laptop za kazi nzito, zilizotumika

HP ZBook 15 G5, Dell Precision 5530, Lenovo ThinkPad P52. Zote za 2018, kizazi cha 8, nyingi zina kori 6 na kadi ya grafiki ya Quadro ya GB 4. Ni nzito, betri huisha mapema na feni utaisikia chumba cha pili. Ila RAM inaongezeka, diski inabadilika, na spea zipo.

Ikague chaji yake kama unavyoikagua mashine. ZBook ya namna hii hutoka na chaji ya wati 150 au 200, lakini ya wati 65 ya EliteBook huingia tundu lilelile. Mashine itawaka, itaandika tahadhari ndogo, na kasi itashuka sana ukianza kazi. Mnunuzi atarudi nyumbani akidhani kauziwa mashine mbovu, kumbe muuzaji kampa chaji aliyoiona mezani.

4. Laptop mpya ya gemu

Ina nguvu kweli, na kadi za RTX hurenda haraka. Shida ni kwamba kwenye zile za bei nafuu wanabana kwenye kioo. Ukiona vipimo vya rangi za kioo vimeandikwa 45% NTSC, jua rangi utakazoona si zitakazoonekana kwa mteja, na ngozi za maharusi utazipaka rangi kwa kubahatisha. Ukiinunua, tenga fungu la monita.

5. Laptop nyembamba za ofisi

EliteBook 840 G5, Latitude 7490, ThinkPad T480. Kwa mwanafunzi, au anayetumia CapCut kwa video za 1080p, zinatosha. Zichukue za kizazi cha 8 si chini ya hapo, na sababu ipo kwenye majina yenyewe, ambapo namba ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i7-7500U ya kizazi cha 7 ina kori 2, wakati i5-8250U ya kizazi cha 8 ina 4. Yaani i5 inaipita i7, na bado kibandiko kinauza. Halafu Windows 11 kwa Intel inaanzia rasmi kizazi cha 8, na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Usishangae basi kuona za kizazi cha 6 na 7 zimejaa sokoni kwa bei tamu.

Kuna na minara ya Xeon E5, prosesa za Intel za seva na kazi nzito, kama HP Z440. Utaambiwa ina kori nyingi, na ni kweli, lakini Xeon hizo hazina Quick Sync. Video zote zitaegemea kadi ya grafiki, na umeme itakula. Mimi naiacha.

Kama tayari unayo mashine, usikimbilie kuibadilisha. Kwanza RAM ifike GB 16, au 32 kama unatumia programu ya DaVinci Resolve pamoja na Fusion, sehemu yake ya madoido. Pili diski. Fanya hesabu: 4K ya megabiti 100 kwa sekunde ni GB 45 kwa saa, kwa hiyo kamera 2 za saa 4 kila moja zimekula GB 360 kabla hujagusa muziki. SSD ya GB 256 iliyokuja na laptop haiwezi. Weka NVMe ya mfumo na programu, SSD ya TB 1 ya kazi inayoendelea, na diski kubwa ya kuzunguka kwa kazi zilizokabidhiwa. Kadi ya grafiki ije ya tatu. Kabla ya yote hayo, jaribu kuhariri kwa proksi, yaani nakala nyepesi za video zako ambazo programu hubadilisha na zile halisi wakati wa kurenda. Hailipiwi, na imeokoa laptop nyingi.

Kwenye programu, Resolve ya bure hutoa hadi 4K ya fremu 60, na toleo la Studio ni dola 295 mara moja tu. Inataka kadi nzuri. Kwenye laptop isiyo na kadi, Shotcut au Kdenlive, zote za bure, hazitakutesa kama Resolve. Premiere Pro hulipiwa kila mwezi. Ile ya kreki inayozungushwa kwenye flashi huja na virusi, na virusi vikifunga diski yenye harusi ya mtu, utamweleza nini bibi harusi? Video za simu zikianza kupishana na sauti, zipitishe kwanza HandBrake uzifanye za fremu zisizobadilika.

Siku ya kununua, nenda na flashi yenye faili kutoka kamera yako mwenyewe, si video ya muuzaji. Icheze, fungua Task Manager ya Windows, sehemu ya GPU (grafiki), utazame mstari wa Video Decode. Ukipanda wakati CPU, yaani prosesa, imetulia, chipu inafanya kazi yake. Ukiambiwa, "Bosi, hii ina grafiki ya GB 8," soma hapohapo chini: Dedicated ndiyo kumbukumbu ya kadi, Shared ni RAM yako mwenyewe inayoazimwa. Mara nyingi utakuta 128 MB na kadi hakuna. Endesha CrystalDiskInfo uone afya ya diski, na kwenye laptop andika powercfg /batteryreport uone betri imebaki na kiasi gani. Iwashe tena uingie BIOS, mipangilio ya mashine kabla ya Windows, kama inadai nenosiri usiichukue. Mwisho iache irende dakika 10 huku mnapatana bei, usikilize feni, na risiti iandikwe namba ya mashine iliyo chini ya ganda pamoja na muda wa dhamana.