Kujifunza kuchonga jino kwa mashine ya uhalisia pepe: uzoefu wangu Moshi

Nasomea afya ya kinywa na meno hapa Moshi, na muhula huu tumekuwa tukifanya mazoezi kwenye mashine ya uhalisia pepe kabla ya kumgusa mgonjwa. Wenzangu wa vyuo vingine wananiuliza kama ina faida au ni gemu tu. Faida ipo, tena kubwa, ila kuna mambo haifundishi kabisa.

Unavaa miwani, unaona jino mbele yako. Mkononi unashika drili iliyofungwa kwenye mtambo unaorudisha nguvu ya mkono wako, mguuni una pedali ya mwendo. Uzuri wote uko hapo. Ukigusa enameli, gamba la nje la jino, ambayo ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, drili inagoma na lazima uende taratibu. Ukiingia kwenye dentini, tabaka la chini yake, mkono unapata nafuu. Ukifika penye uozo inazama kama kijiko kwenye parachichi lililoiva. Meno ya plastiki ya kwenye vichwa bandia hayakupi hisia hiyo: mengi yana ugumu uleule juu mpaka chini, unajifunza umbo la tundu bila kujua uozo umeishia wapi. Na ukishalichonga limekwisha, linunuliwe jingine. Kwenye mashine unabonyeza tu, jino linarudi zima.

Zoezi lililonijenga zaidi ni gego la kwanza la chini kushoto, ambalo sisi tunaliita namba 36, uozo ukiwa umekaribia kiini, yaani sehemu laini ya ndani yenye neva. Mwalimu alisimama pembeni akitazama skrini, akaniambia, "Dada, usikandamize. Iache ikate yenyewe." Nikaegemeza kidole cha pete, nikalegeza kiganja, na kweli mlio wa drili ukabadilika. Ukimaliza, mashine inakuonyesha kwa rangi uozo uliobaki na sehemu nzima ya jino uliyoila bila sababu. Hakuna mwalimu mwenye macho ya kupima hivyo wanafunzi wote.

Sasa mapungufu. Hakuna mate, hakuna ulimi unaosukuma, hakuna maji ya drili yanayotia ukungu kioo cha kutazamia mdomoni, wala mtoto anayekushika mkono kwa woga. Wagonjwa wetu wengi wanakuja jino limeshawakesha, wanataka ling'olewe, na mashine yetu haina koleo. Sindano ya ganzi pia haimo.

Linaloniuma zaidi ni meno ya watu wa huku. Maji ya chemchemi na visima vingi kuzunguka Meru na Kilimanjaro yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, mengine kupita kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya utu uzima bado yanajijenga, yanaota na madoa meupe ambayo baadaye huweza kugeuka kahawia, na yaliyoathirika sana enameli hubanduka. Meno hayo ndiyo tutakayoyaziba Arusha, Hai na Siha. Jino la kwenye mashine ni jeupe, enameli safi.

Kwa hiyo chuo kinachotaka kununua, mbaneni muuzaji kwa hili: zipo mashine za aina hii zinazoweza kupakiwa skani, yaani picha ya pande zote, ya jino la mgonjwa halisi, hata lenye madoa kama ya huku. Ulizeni pia nani atakuja kuitengeneza ikiharibika, na wekeni betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya zoezi mnaanza upya.